Sahani ya Wali na Bonde la Msimbazi

 Aliye na karatasi hii mkononi na afuate maneno kwa kidole. Asiyeweza kusoma upesi asione haya. Tutakwenda pole pole, na neno gumu tutalirudia.

Leo tutazungumza juu ya mji unaokua, nao ni Dar es Salaam. Lakini hatutaanza na majengo marefu wala madaraja. Tutaanza na sahani ya wali.

Fikiri kwamba ni saa saba mchana, nawe uko Kariakoo. Umetoka kazini, na njaa inauma. Unaketi kwenye benchi la mama ntilie, unanawa mikono, unaagiza. Jina hilo la mama ntilie lina asili yake. Wateja walizoea kusema, "Mama, nitilie," yaani nitilie chakula, na jina likashika. Siku hizi wengi hupenda kumwita mama lishe, na mwanamume akishika mwiko huitwa baba lishe. Haidhuru, chakula ni kile kile. Mbele yako pana wali, maharage, mchicha wa nazi, kipande cha samaki wa kukaanga, na pilipili pembeni.

Kabla hujala, ngoja kidogo. Vitu hivi vimetoka wapi?

Mchele huo huenda umetoka Kyela au Mbarali, katika Mkoa wa Mbeya, safari ya mamia ya kilomita. Au umetoka bonde la Kilombero, Morogoro, ambako ni karibu zaidi. Vitunguu pengine vimetoka Ruaha Mbuyuni au Singida. Nyanya zimetoka Ilula, mkoani Iringa. Nazi imevuka maji kutoka Mafia, au imekuja kwa gari kutoka Mkuranga. Kama ungeagiza chipsi mayai, ambayo vijana wa mjini huiita zege kwa kuwa imeshikana kama saruji iliyochanganywa na kokoto, basi viazi vingekuwa vya Njombe. Na kama ungetaka dagaa, wangekuwa wa Mwanza au Kigoma. Samaki peke yake ndiye jirani. Huyo amenunuliwa asubuhi Feri, sokoni pale Magogoni, ambapo wavuvi huleta samaki na madalali huwanadi kwa sauti kubwa mbele ya wanunuzi.

Wewe umelala, malori yanaingia. Ndizi na machungwa ya Muheza hushushwa Mabibo. Nafaka hupelekwa Tandale. Ilala, Buguruni na Temeke nako kuna masoko yao. Mkulima amemwuzia mchuuzi, mchuuzi amemwuzia dalali, dalali amemwuzia mwenye meza sokoni, na mwenye meza ndiye aliyempangia mama ntilie mafungu ya nyanya. Kila mkono unaopokea hubakiza kidogo. Ndiyo maana nyanya ya Ilula si bei ya Ilula ikifika Kariakoo. Watu husema wafanya biashara ni wezi, na pengine wamo, lakini hesabu mikono kwanza, kisha hesabu mafuta ya lori.

Sasa tufanye hesabu nyingine. Chukua kalamu. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu wapatao 273,000 katika Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa mzima. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Toa hesabu ya 2012 katika hesabu ya 2022. Unapata ngapi? Waliopata 1,019,187 wamepata. Kwa hiyo katika miaka kumi waliongezeka watu zaidi ya milioni moja. Gawanya kwa siku za miaka hiyo kumi, utaona kwamba kila siku iliyopita waliongezeka watu wapatao 280, waliozaliwa na waliohamia pamoja, baada ya kuwatoa waliokufa na waliohama. Yaani kila kulipokucha zilitakiwa sahani 280 zaidi kuliko jana, na ndoo za maji zaidi, na mahali pa kulala watu hao.

Mahali pa kulala ndipo penye maneno leo. Lakini nimetaja maji, na maji hayarukwi.

Wali haupikwi bila maji. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dar es Salaam hutoka Mto Ruvu, ambao maji yake yatoka katika milima ya Uluguru. Mtambo wa Ruvu Juu, ulioko Mlandizi, ulianza kazi mwaka 1959, na mtambo wa Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, ulianza mwaka 1976. Yote miwili imepanuliwa baadaye. Ona basi jambo hili: mvua ikikosekana Uluguru, mama ntilie wa Kariakoo hukosa maji ya kuoshea sahani. Ilitokea mwishoni mwa mwaka 2022. Mto ulipungua sana, na mji ukapewa maji kwa zamu. Vijana wenye mikokoteni ya madumu walipata riziki siku hizo, na akina mama walizeeka.

Maji yakiadimika, kitu cha kwanza kupunguzwa ni maji ya kunawa. Hapo ndipo kipindupindu hupata mlango. Mwaka 1975 wazee wenu walikuwa katika vikundi vya redio, wakijifunza juu ya chakula katika kampeni iliyoitwa Chakula ni Uhai. Miaka miwili kabla yake, mwaka 1973, walikuwa na ile ya Mtu ni Afya, ambayo watu walisikiliza redio pamoja, wakazungumza, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Pamoja na hayo yote, mwezi wa Agosti mwaka 2015 kipindupindu kilizuka tena Dar es Salaam kikaenea mikoani. Wengine walidhani chakula cha barabarani ndicho adui. Chakula kilichochemka kikaliwa kingali cha moto hakina neno. Tazama ndoo ya kunawia, kama ina bomba lake na sabuni. Tazama kachumbari, imeoshwa kwa maji gani. Tazama sahani zinasuuzwa katika beseni moja tangu asubuhi, au maji hubadilishwa. Kwa mambo hayo matatu unaweza kumjua mama ntilie wa kuaminika hata kabla hujaonja mchuzi wake.

Haya, turudi kwenye sahani. Nimetaja wali, maharage, samaki, nazi. Sikutaja mchicha umetoka wapi.

Mchicha hauwezi kusafiri kilomita 800. Ukichumwa asubuhi, jioni umelala. Kwa sababu hiyo mboga za majani za mji hulimwa ndani ya mji wenyewe au pembezoni mwake, na mahali pamoja palipolimwa mchicha kwa miaka mingi ni bonde la Mto Msimbazi. Unaweza kusimama barabarani ukaona matuta yamenyoka vizuri, kijani kitupu, na mtu anamwagilia kwa ndoo mbili. Ni mahali pa kupendeza. Tena mkulima wa pale hahitaji lori. Huchuma, hufunga mafungu, na kabla ya saa mbili asubuhi mboga iko sokoni.

Lakini maji anayomwagilia ni yapi? Mto Msimbazi huanza katika vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, ukapita katikati ya mji kwa mwendo wa kilomita kama 35, ukapokea vijito vya Ubungo, Sinza na Luhanga, kisha ukaingia baharini karibu na Daraja la Selander. Njiani hupita penye viwanda, machinjio, magereji na vyoo vya watu. Wataalamu waliopima mboga na udongo wa bonde hilo wamekuta ndani yake madini yenye sumu, kama vile risasi. Madini hayo hayaondoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha, maana yamo ndani ya jani lenyewe. Basi ni vema umwulize mwuza mboga zimelimwa wapi. Huenda akacheka, lakini ukimwuliza kila siku, na jirani yako akamwuliza, naye atamwuliza mkulima.

Bonde hili ndilo moyo wa somo letu, nanyi mtaniwia radhi nikikaa hapo kitambo.

Mji wa Dar es Salaam si mkongwe kama Kilwa. Palikuwa na kijiji cha wavuvi kiitwacho Mzizima. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid wa Unguja alianza kujenga hapo, naye akafa mwaka 1870 kabla mji haujasimama. Wajerumani waliufanya makao makuu yao mwaka 1891. Waingereza waliuteka mwaka 1916, na jina la Kariakoo ni kumbukumbu ya wapagazi wao wa vita, maana kikosi cha wapagazi kwa Kiingereza kiliitwa "Carrier Corps", na midomo yetu ikalilainisha. Watawala hao waliugawa mji: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati, na Waafrika Kariakoo na Ilala. Kati ya Uhindini na Kariakoo waliacha uwanja mtupu, ndio Mnazi Mmoja. Na ng'ambo ya Kariakoo, upande wa Magomeni, palikuwa na uwanda wa mto, ambao haukujengwa kwa sababu mvua ikinyesha maji hutanda. Huo ndio Jangwani.

Jina lenyewe ni la kuchekesha kidogo, kwa maana jangwa ni mahali pasipo maji.

Uwanda usiojengwa si uwanda usio na kazi. Jangwani palichezwa mpira, palifanywa mikutano mikubwa ya siasa, na watoto walifundishwa kuendesha baiskeli. Klabu ya Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, ina makao yake kando ya hapo, na watani wao Simba, walioanza mwaka mmoja baadaye, wako Mtaa wa Msimbazi, jina lile lile la mto. Sitasema mimi ni wa upande gani, kwa kuwa nataka nusu ya darasa iendelee kunisikiliza. Ila watu wa Simba wamezoea kuwatania Yanga kila mvua kubwa inapofanya uwanja wao kuwa ziwa.

Mji ulipokua, watu walitafuta mahali pa kulala. Mpishi, kuli, mlinzi, mwuza maji, hawa hawawezi kukaa mbali sana na kazi yao, kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi ingekula mshahara wote. Karibu na kazi viwanja vimejaa na kodi ni kubwa. Kilichobaki ni bondeni. Mtu huuliza bei, huona ni rahisi, hutazama wakati wa kiangazi, huona ardhi kavu yenye nyasi, akanunua. Akajenga chumba, kisha cha pili. Akavuta umeme. Akachaguliwa mjumbe wa nyumba kumi. Miaka kumi ilipita mto haukupanda sana, naye akasema wale waliomwonya walimwonea wivu.

Ndipo ikaja Desemba ya mwaka 2011. Mvua ilinyesha siku tatu, na wapimaji wa hali ya hewa walisema mji haukupata mvua ya namna hiyo tangu mwaka 1954. Mto ulipanda usiku. Watu walikaa juu ya mapaa wakisubiri kuokolewa. Makumi ya watu walikufa, na maelfu walikosa makao. Serikali iliwagawia wengine viwanja Mabwepande, mbali kaskazini ya mji. Baadhi yao walikwenda wakakaa. Wengine walikwenda, wakaona hakuna kazi karibu, wakapangisha au wakauza, wakarudi bondeni. Ukiwalaumu hawa, kumbuka tena ile hesabu ya nauli na mshahara.

Kwa nini mafuriko yamezidi, na mto ni ule ule? Fanya jaribio hili darasani. Mwaga kikombe cha maji juu ya mchanga, kisha mwaga kikombe kingine juu ya sakafu ya saruji. Mchanga hunywa. Saruji hukimbiza. Zamani mvua iliyonyesha Ubungo na Segerea ilikutana na mashamba na vichaka, ikanywewa. Sasa hukutana na mabati, sementi na lami, nayo hushuka yote kwa pamoja mpaka bondeni. Tena hubeba takataka na mchanga. Mchanga huo hujaza tumbo la mto, ukawa na kina kidogo, na maji yakakosa pa kupita ila pembeni. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na jambo hilo limesaidia mitaro. Lakini chupa za plastiki bado ni nyingi, na godoro kuukuu nalo limewahi kuonekana mtoni.

Mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza kazi kati ya Kimara na Kivukoni, njia ya kilomita kama 21 pamoja na matawi yake ya Morocco na Gerezani. Watu waliyapokea kwa furaha, maana walichoshwa na daladala. (Daladala nazo zina hadithi. Sarafu ya shilingi tano iliitwa dala, na hiyo ndiyo iliyokuwa nauli ya magari ya watu binafsi katika miaka ya 1980, kondakta akipiga kelele "dala! dala!") Lakini njia ya mwendokasi hupita Jangwani, na kituo cha kulaza mabasi nacho kilijengwa Jangwani, ndani ya uwanda wa maji. Mafuriko yalipokuja, mabasi yaliingia maji, na barabara ya Morogoro ikafungwa mara nyingi kati ya Fire na Magomeni. Mtu wa Magomeni anaweza kuziona taa za Kariakoo, asiweze kufika. Naye mama ntilie wa asubuhi, akikaa ng'ambo, hafiki kazini, na sufuria inabaki tupu. Nami nauliza tu: ikiwa wenye vyeti na vipimo walijenga bondeni, tumcheke vipi mlinzi aliyejenga chumba kimoja?

Desemba ya mwaka 2015, kabla ya mwendokasi kuanza, nyumba nyingi za bondeni zilipakwa rangi nyekundu ukutani kwa herufi X. Maana yake ni kwamba nyumba hiyo itabomolewa. Mabuldoza yalianza kazi Mkwajuni, watu wakalala nje na vyombo vyao mvua ikikaribia. Wengine walikwenda mahakamani, na Januari 2016 kazi ikasimamishwa kwa muda. Nataka mwitazame herufi hiyo. Wako watu wazima ambao X ilikuwa herufi ya kwanza kujua maana yake. Haimo hata katika maneno ya Kiswahili. Tunafundisha a, e, i, o, u, tunafundisha ba, be, bi, bo, bu, na mtu akafundishwa X na rangi ya ukutani.

Baada ya miaka michache mpango ulibadilika. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 za Marekani kwa ajili ya mradi wa kuendeleza bonde la Msimbazi, pamoja na fedha za wengine. Kazi zilizopangwa ni kupanua mto sehemu ya chini, kujenga daraja jipya Jangwani juu zaidi, kuondoa kituo cha mabasi pale, kuinua ardhi kando kando ili pajengwe, na katikati kuacha bustani kubwa ya watu wote, ambayo maji yatatanda mvua ikizidi na watoto watacheza kiangazi. Wenye nyumba zilizohesabiwa walilipwa fidia wakahama. Wapo waliosema fidia haikutosha, hasa wale ambao nyumba ilithaminiwa na ardhi isithaminiwe. Katika malalamiko hayo, aliyekuwa na karatasi nzuri alisikilizwa upesi kuliko aliyekuwa na maneno matupu. Hapo ndipo elimu yenu ya kusoma inapoingia.

Lakini kwanza niseme neno juu ya bustani, maana wako wanaodhani ni anasa. Mji unaokua hula viwanja vyake vya michezo kama moto unavyokula nyasi. Jumapili jioni nenda Coco Beach uone. Watu wametoka Mbagala, Gongo la Mboto, Tabata, wamekuja na watoto kutazama bahari, kula mihogo ya kukaanga yenye kachumbari na pilipili, kunywa madafu, na kurudi nyumbani na mchanga viatuni. Hapatozwi kiingilio kutazama bahari. Mishikaki huuzwa, muziki hupigwa, na mtu asiyekuwa na kitu huketi sawa na mwenye gari. Wale wapendao dansi wana Msondo na Sikinde, ambao mashabiki wao hubishana tangu miaka ya 1970 ni nani zaidi. Wazee wana bao chini ya mwembe, mwembe ukiwa haujakatwa. Mtu aliyefanya kazi siku sita katika chumba cha joto anahitaji mahali pa kuvuta pumzi, na mtoto asiye na uwanja hucheza barabarani. Kwa hiyo ukisikia uwanja wa mtaa wako unataka kujengwa maduka, nenda mkutanoni. Mkutano wa mtaa ni haki yako, na tangazo lake hubandikwa ukutani kwa maandishi.

Sasa tuseme una fedha kidogo, umeonyeshwa kiwanja. Bei ni nzuri. Utafanya nini?

Jambo la kwanza, nenda ukakitazame wakati wa masika, kati ya Machi na Mei. Kama huwezi kungoja, tazama kuta za nyumba za jirani. Maji ya mafuriko huacha mstari wa tope ukutani. Mstari ukiwa juu ya goti lako, rudi nyumbani. Waulize akina mama wanaouza vitumbua pale, usimwulize dalali. Dalali hakai hapo.

Jambo la pili, pima. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za watu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, katika mita 60 kutoka ukingo wa mto au bahari. Huna futi kamba? Unayo miguu. Hatua moja ndefu ya mtu mzima ni kama sentimita 75, basi hatua 80 ni mita 60. Anza ukingoni, hesabu hatua 80 kuelekea kiwanja. Ikiwa umefika kiwanjani kabla ya hatua 80 kwisha, unanunua ugomvi. Hata kama umepita 80 kidogo, kumbuka kwamba Msimbazi hula kingo zake kila mwaka, na hatua 85 za leo zaweza kuwa 60 za mtoto wako.

Jambo la tatu, kabla hujatoa fedha, nenda ofisi ya ardhi ya manispaa, uulize mchoro wa mipango miji unasema nini juu ya mahali hapo. Inawezekana ni makazi, inawezekana ni barabara ijayo, inawezekana ni eneo la wazi. Kuuliza si kosa. Wako watu waliojenga nyumba nzuri juu ya barabara ambayo haijafika bado.

Jambo la nne ni karatasi. Usitie kidole gumba katika karatasi ambayo hujaisoma au hujasomewa na mtu unayemwamini wewe, siye anayemwamini muuzaji. Karatasi ya mauziano iseme jina kamili la muuzaji na la mnunuzi, mahali kiwanja kilipo, urefu wake kwa mita kila upande, na nani jirani upande wa mashariki, magharibi, kaskazini na kusini. Iseme bei kwa tarakimu na kwa maneno, kwa sababu sifuri moja huongezwa kwa urahisi lakini neno "milioni mbili" si rahisi kuligeuza. Iwe na tarehe. Iwe na mashahidi wa pande zote mbili. Na ikiwa muuzaji ana mke, au ana mume, naye atie sahihi, maana nyumba ya ndoa haiuzwi na mmoja peke yake. Wanunuzi wengi wamekutana na mke mlangoni, fedha zimekwisha kuliwa.

Karatasi hiyo isikae chini ya godoro. Bondeni au mlimani, weka ndani ya mfuko usiopenya maji, mahali pa juu, na nakala yake kwa ndugu anayekaa mtaa mwingine. Mwaka 2011 wako watu waliookoka na watoto wao, lakini karatasi zao zilikwenda na maji.

Kazi ya wiki hii ni hii. Kila mwanafunzi achague kitu kimoja katika chakula chake cha mchana, amwulize aliyemwuzia kimetoka wapi, aandike jina la mahali hapo. Tena apime hatua kutoka mlango wa darasa mpaka mtaro au kijito kilicho karibu, aandike hesabu na kuigeuza kuwa mita. Wanaokaa Jangwani, Mkwajuni, Kigogo na Tandale waandike pia mstari wa tope umefika wapi katika ukuta wa nyumba, na mwaka wake kama wanaukumbuka. Mwalimu akusanye karatasi zote. Tutazisoma pamoja katika kipindi kijacho, saa ile ile.